Asali ya Mwaka wa Kwanza

Murungu, Kibondo
9 Machi

Mpwa wangu Nadège,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mumeo Eugène na watoto, na kwamba yule mdogo ameacha kula udongo. Mama yako Kezia hajambo, anakusalimu. Huja kwangu kila asubuhi kutazama kama nimeamka, na akinikuta nimeamka hukasirika, kwa sababu njiani amekwisha kupanga maneno ya kuwaambia majirani. Ndivyo dada yangu anavyopenda watu. Ng'ombe amezaa, dume. Maharage yameota vizuri upande wa mtoni, upande wa juu yameliwa na kuku wa jirani. Miguu yangu imevimba, na daktari wa Kibondo anasema moyo unafanya kazi kama mtumishi anayesubiri kustaafu.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu unayajua masikio yangu. Kwenye simu nasikia "shikamoo mjomba" na "haya, kwaheri". Ya katikati yote huliwa na upepo. Bahasha hii ataileta Saady, yule mzee muuza dagaa anayekwenda gulioni Kasulu kila baada ya wiki mbili. Usishangae ikinuka.

Sasa kazi. Yale madodoso arobaini uliyonipa, ya wasomi wako wanaotathmini mwaka wa kwanza wa Rais mpya, yamo humu, yote yamejazwa. Namba 14 ina doa la chai. Nashukuru kwa kunikumbuka. Mwalimu mstaafu hukumbukwa siku ya kuhesabu kura na siku ng'ombe wa mtu anapopotea na barua inatakiwa. Chuo hakijawahi kunikumbuka.

Kazi ilikwenda vizuri. Nilipita nyumba zote arobaini. Watu walijibu.

Kulikuwa na jambo moja nilitaka kuongeza, lakini Saady amesimama mlangoni na mzigo kichwani. Acha. Si kitu.

Mjomba wako,
Venanti Niyonkuru


Kasulu
2 Aprili

Shikamoo mjomba,

Sisi wazima. Mdogo bado anakula udongo ila siku hizi anachagua, anataka ule wa kichuguu. Eugène anakusalimu. Mwambie mama kitenge chake nimekiona, nitampa Saady safari ijayo, nimekifunga kwa nailoni mara tatu kwa sababu ya dagaa.

Mjomba, hapa ofisini kumetokea kitu. Profesa Dadi, mkuu wa utafiti wetu, ni mtu ambaye sijamsikia akisifu hata chai. Amekwisha kusoma madodoso mia sita kutoka wilaya nyingine, na yote yanasema barabara, maji, mbolea imechelewa. Juzi akafika kwenye yako. Alipofika namba 27 akavua miwani. Akaniita, akasoma kwa sauti. Mhojiwa namba 27, mwanamke, miaka 52, mkulima na mfuga nyuki. Swali: unautathmini vipi mwaka wa kwanza wa Rais? Jibu: "Mzinga mpya, asali ya mwaka wa kwanza ni ya nyuki. Usiende na kisu, wala usiseme ni mtupu."

Profesa aliisoma tena. Kisha akasema, "Sisi tumeandika kurasa tisini. Huyu mama kamaliza kwa sentensi mbili."

Nikwambie jambo ambalo hata mama sijamwambia. Taarifa itasomwa Julai mbele ya wasomi wenzake. Mimi ndiye niliyekusanya upande wa Kibondo, jina langu litakuwa la pili baada ya lake. Ikipokelewa vizuri, nitapata nafasi ya kusoma shahada ya uzamivu chini yake. Nimeomba mara tatu, mjomba. Miaka sita.

Kwa hiyo nakuuliza: mama huyu ni nani? Profesa anataka kumsikia kwa masikio yake. Na samahani kwa hili, ni udadisi tu. Najua wengi uliwaandikia wewe, watu wana mashamba. Lakini namba 8, namba 19 na namba 31 wote wanasema "ilhali". Sijawahi kumsikia mtu wa Murungu akisema "ilhali" isipokuwa wewe.

Mwanao,
Nadège


Murungu
25 Aprili

Mpwa wangu,

Barua yako ilifika Jumatano ikiwa na magamba mawili ya samaki, nimeyatoa. Kitenge kimemfurahisha mama yako kiasi kwamba amekaa siku mbili bila kunitazama kama nimeamka. Yule ndama dume amepewa jina la Waziri, kwa sababu anakula na kulala, lakini jina hilo si langu, ni la mwenyekiti wetu wa kijiji, Reverien, ambaye anapaswa kuwa na adabu zaidi. Mvua ni nyingi. Daraja la chini limekatika nusu, na nusu iliyobaki inapitwa kwa zamu.

Kuhusu "ilhali". Nilifundisha hapa miaka thelathini na mmoja. Neno likikaa kwa mwalimu muda wote huo lazima limtoroke siku moja liende kwa jirani.

Kuhusu mama namba 27. Ni mtu wa haya, hapendi wageni. Na kwa sasa hayupo, amekwenda Nyabibuye kuhani msiba wa shemeji yake. Kurudi sijui ni lini, watu wa Nyabibuye wakilia hawana haraka. Madodoso hayakuwa na nafasi ya jina, nami nadhani walioyatunga walikuwa na busara.

Usijisumbue tena na swali hili.

Umetaja miaka sita. Sikujua kuwa ni sita, nilidhani ni mitatu. Nimekuwa nikiifikiria tangu Jumatano.

Mjomba wako,
Venanti


Kasulu
17 Mei

Shikamoo mjomba,

Mama ameniambia unakula kidogo. Kula, tafadhali. Nimekuletea unga wa lishe, usiwape kuku.

Huku wasomi wamegombana kwa sababu ya nyuki. Profesa Dadi anasema nyuki ni wananchi: mwaka wa kwanza matunda yote ni yao, kiongozi asubiri sifa. Daktari Aline, ambaye ndiye msaidizi wake mkuu, anasema nyuki ni wakubwa waliomzunguka Rais, na mama wa Murungu ametoa lawama kali kuliko zote katika madodoso mia sita na arobaini. Kuna kijana wa tatu anayesema la msingi ni kisu, lakini huyo hakuna anayemsikiliza. Chakula cha mchana sasa kinaliwa meza mbili. Wa nyuki-wananchi wanakaa dirishani.

Redio imelisoma lile neno. Jumamosi nilikwenda kambini Nyarugusu kwa kazi, nikapita kwa Mama Nsimire, yule Mkongomani anayeuza vitenge. Kabla sijamsalimu akaniambia, "Ule mama wa muzinga iko na akili, kweli! Sisi kwetu batu balivunja muzinga siku ya kwanza, njo sababu tuko huku." Wateja wake wote wakaitikia kama kanisani. Mjomba, nilijivunia. Nilisimama pale nikajivunia kwetu.

Sasa wamekata shauri. Tarehe 18 Juni watakuja Murungu, watu kumi na wawili, wamletee cheti na mzinga wa kisasa wa mbao. Kila upande unataka kumuuliza ana kwa ana: nyuki ni nani?

Mtafute. Kama bado yuko Nyabibuye, tuma mtu.

Nadège


Murungu
29 Mei

Mpwa wangu,

Naanza na pole. Mama namba 27 amefariki. Ilikuwa ghafla na hakuteseka. Jina lake lilikuwa Niyomwungere. Tumekwisha kumzika hapahapa Murungu. Waambie wasomi wasijisumbue kuja, njia ni mbovu na wafiwa hawataki msongamano.

Maharage yanakaribia kuvunwa.

Venanti


Kasulu
5 Juni

Shikamoo mjomba,

Nilisoma barua yako mbele yao. Daktari Aline na Profesa Dadi walishikana mikono kwa mara ya kwanza tangu Aprili, kisha wote wakanywa chai meza moja bila kuongea. Halafu wakaamua. Hawatakwenda tena kumtembelea, watakwenda kuzuru kaburi lake. Tarehe ni ileile. Shada limeagizwa Kigoma mjini. Ukurasa wa kwanza wa taarifa utakuwa na jina lake peke yake.

Mimi sitakuja nao. Nina kazi.

Jana nilimpigia mama simu nikampa pole ya jirani. Akaniuliza jirani gani, Murungu hajafa mtu tangu Pasaka. Nikamwambia nimechanganya na kijiji kingine. Sikumtajia jina la marehemu. Ni jina la bibi yangu, mjomba. Nimejiambia kwamba akina Niyomwungere ni wengi.

Sikuulizi kitu. Naomba ulione hilo. Ukinijibu nitakuwa nimejua, na nikishajua

Mdogo ameota jino. Tuombee.

Nadège


Murungu
21 Juni

Nadège mwanangu,

Safari hii sitaanza na maharage. Wote wazima, ninayepungua ni mimi tu. Barua hii nimempa Saady mkononi na nimemwapisha.

Walikuja. Nikueleze kwanza jinsi tulivyowapokea, kwa sababu sitaki uisikie kwa Profesa.

Barua yako ilipofika nilimwendea Reverien. Nikamwambia, "Mwenyekiti, wasomi wanakuja kuzuru kaburi, na kaburi hakuna." Nilitaraji anifukuze. Akafikiri kidogo.

"Wanakuja wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Magari?"

"Nasikia matatu."

"Basi, Mwalimu, kaburi si tatizo. Tatizo ni viti."

Viti vikapatikana kanisani. Kaburi ndilo likaleta maneno, kwa sababu hakuna mtu wa hapa anayekubali kuchimba kaburi lisilo na mwenyewe, linaita mtu. Nikawaambia wachimbe langu, pale nyuma ya migomba, nitalitumia karibuni. Wakaona ni maneno ya maana. Walilichimba mpaka kimo chake, wakalifukia kwa udongo mlegevu ili baadaye lisiwape kazi. Wakati wanachimba walinisalimu kwa heshima sana.

Siku yenyewe ilikuwa nzuri, Mungu anisamehe. Shada lilikuwa la maua ya plastiki, kubwa kama gurudumu la trekta. Profesa Dadi alihutubia kaburi kwamba nyuki ni wananchi. Daktari Aline alilihutubia kwamba nyuki ni wakubwa. Kila mmoja alimwomba marehemu radhi kwa niaba ya mwenzake. Reverien alisimama akasema marehemu hakuwahi kukosa mkutano wa kijiji hata mmoja, na hilo, ukilifikiria, hakuna anayeweza kulipinga. Cheti alikipokea yeye. Mzinga waliutundika juu ya mti wa mringaringa ulio kichwani mwa kaburi. Mama Providence wa nyuma ya kanisa alilia mpaka wakamshika. Jioni nilimfuata.

"Mama Providence, wewe unajua kwamba mtu huyo hakuwapo."

"Najua, Mwalimu."

"Sasa ulimlilia nani?"

"Mtu amekufa hana mume, hana mtoto, hata kuzaliwa hakuzaliwa. Asililiwe hata chozi moja? Maskini."

Mama yako alikuwapo. Alisoma msalaba, ulioandikwa Niyomwungere na chini yake namba 27, akasoma tena, akaenda nyumbani. Aliponiletea uji alisema neno moja tu: "Kaka, leo mama amepata msalaba."

Sasa sikia. Nyumba arobaini nilizipita kweli. Ya kwanza ilikuwa ya Mzee Ndayikeza. Nikamsomea: kwa kipimo cha moja hadi tano, unaridhika kiasi gani na mwaka wa kwanza wa Rais? Akacheka. "Mwalimu, na elimu yako yote! Bibi harusi hajatolewa ndani, unataka nimkosoe mchuzi?" Unaijua desturi yetu ya gutwikurura, wewe mwenyewe ulikaa ndani. Bibi harusi hukaa ndani, hapiki mbele za watu, halimi, na mpaka siku ya kumtoa hakuna jirani anayeruhusiwa kusema ni mvivu wala ni hodari. Nikaenda nyumba ya pili, jibu lilelile. Ya tatu. Nilibadilisha maneno ya swali, nikakemea, nikaenda na pombe ya ndizi. Nyumba arobaini, jibu moja: "Bado yuko ndani."

Niliona aibu. Hilo ndilo ninaloungama, mwanangu, zaidi ya uongo wenyewe. Niliona wasomi watawacheka watu wangu, kwamba wameulizwa habari za dola wakajibu habari za harusi. Nikafunga mlango siku nne nikawapa maneno. Huyu nilimpa mbolea, yule barabara, mwingine nilimpa "ilhali". Nilipofika namba 27 nilikuwa nimechoka kuwa mwerevu. Nikaandika alivyokuwa akisema mama, bibi yako, kila alipowekwa mkuu mpya wa kilima chetu kule Burundi.

Na kuna la zamani zaidi. Mwaka sabini na mbili tulipovuka mto Malagarasi tukikimbia mauaji kule Burundi, mimi nilikuwa na miaka ishirini, nimesoma. Kezia alikuwa na minne, yuko mgongoni mwangu. Mama hakuvuka. Alibaki ukingoni ng'ambo, tulimfunika kwa majani, hapakuwa na jembe. Upande huu kulikuwa na meza na karani. Akauliza, "Mama yenu?" Watu wote walionitangulia walinyamaza walipoulizwa swali la namna hiyo, na yeye akasubiri. Mimi nilijibu upesi: "Yuko nyuma, anakuja." Akamwandika. Chakula chake tulikila miezi mitano. Ningependa kukuambia kwamba namba yake ilikuwa 27. Haikuwa. Ilikuwa mia nne na kitu. Lakini tangu siku ile nimekuwa mtu wa kuwajibia watu kwenye karatasi, kwa sababu naweza, na kwa sababu ukimya wao hunitia hofu. Fomu yangu ya kwanza na ya mwisho, zote mbili nimemwandika mama yu hai.

Mimi ni mushingantahe, mzee mwamuzi wa kimila. Niliapishwa mbele ya watu kwamba sitasema uongo hata ungeniokoa, na kwa ajili ya kiapo hicho wananiletea ugomvi wa mipaka yao hadi leo. Siwezi kwenda na hili.

Lakini miaka yako ni sita.

Ndani ya bahasha kuna karatasi za daftari. Ni yale majibu ya kweli, nimeyaandika yote arobaini kama yalivyosemwa. Ukiyapeleka, najua utakachopoteza. Ukiyachoma, nitakufa na neno mdomoni, nami sitakulaumu. Ningeweza kuyatuma kwa Profesa mwenyewe. Nilimwita Saady mara mbili, nikamrudisha mara mbili. Ningekuwa tena namjibia mtu.

Jibu wewe.

Mjomba wako,
Venanti


Kasulu
2 Agosti

Shikamoo mjomba,

Mama anasema huamki tena kwenda nje, na kwamba unauliza kila siku kama Saady amepita. Nisamehe. Alipita mara mbili na mara mbili nilimwambia hakuna barua. Karatasi zako zilikaa chini ya godoro wiki nne. Eugène aliona silali, akadhani ni meno ya mtoto.

Taarifa ilikuwa isomwe tarehe 25 Julai. Tarehe 24 nilizitoa nikampelekea Profesa. Akazisoma amesimama. Alipofika ya kumi akakaa.

"Nadège, hizi ni za kughushi."

Nikamwambia, "Profesa, hizi ndizo za kweli."

"Watu arobaini hawajibu sawasawa. Haiwezekani. Hata ukiwauliza jua linachomoza wapi, wawili watakosea."

"Na zile za kwanza?"

"Zile zina maisha! Zinapingana. Zina 'ilhali'."

Akamwita Daktari Aline. Akazisoma, na kwa mara ya kwanza tangu msiba wakakubaliana. Aline alisema kwa upole kwamba mzee mgonjwa huanza kusikia sauti zote kama sauti moja, babu yake pia alikuwa hivyo.

Nikawaambia basi lililobaki. Kwamba namba 27 ni bibi yangu, kwamba alikufa mwaka sabini na mbili ukingoni mwa Malagarasi, na kwamba kaburi walilolihutubia halina mtu. Profesa akaziweka karatasi mezani. Nilidhani sasa ameelewa. Akauliza, "Alikuwa na umri gani?"

Nikasema sijui, labda arobaini.

"Basi umri tutausahihisha," akasema, akachukua kalamu.

Mjomba, nilicheka. Nilicheka vibaya, mbele yao, mpaka Daktari Aline akaniletea maji. Nilipomaliza kucheka nikaomba jina langu litolewe. Profesa akaniuliza kama najua maana yake. Nikasema najua. Aliandika hilo pia.

Taarifa ilisomwa bila mimi. Nasikia walipiga makofi wamesimama. Nafasi amepewa yule kijana wa kisu.

Nililia siku mbili. Usisikitike, au sikitika kidogo tu. Siku ya tatu nilikwenda sokoni kambini, na Mama Nsimire akaanza tena na habari ya muzinga. Nikamwambia, "Mama, maneno yale ni ya bibi yangu." Hakushangaa. Akasema, "Njo maana iko ya kweli. Batu banaongea na radio. Ule aliongea na batoto yake." Akanipa kitenge cha mama bila kupatana bei.

Nimejibu mwenyewe, mjomba. Neno lako limetoka, hata kama hawakulitaka. Nadhani kiapo kinasema uliseme. Hakisemi kwamba ni lazima walikubali.

Nakuja na watoto tarehe 20. Nisubiri.

Mwanao,
Nadège


Murungu
14 Agosti

Mpwa wangu,

Anayeandika ni Kezia, mkono wangu umekataa. Nimemkataza kuongeza ya kwake. (Hajala tangu juzi. Kezia.)

Barua yako imesomwa mara nne. Ile ya kusahihisha umri mama yako ameisoma mara saba, na kila mara amecheka mpaka kuku wakakimbia, halafu amelia kidogo, halafu ameisoma tena. Reverien aliisikia akasema wasomi ni watu wa heshima, hawawezi kumwachia maiti umri usio wake.

Umesema nikusubiri mpaka tarehe 20. Nitajaribu. Kuahidi nimeacha.

Kaburi ni lilelile. Msalaba msiuondoe. Jina la mama libaki juu, langu liwe chini yake, dogo. Ile namba iacheni, wageni watakuwa wanaitafuta. Udongo ni mlegevu, haitachukua asubuhi nzima. Ila wachimbaji waje mapema kungali baridi, na wasivae nguo nyeusi, kwa sababu wiki iliyopita nyuki wameingia katika ule mzinga. Ni wengi. Nawasikia kutoka hapa kitandani, mimi ambaye sisikii simu. (Ni kweli anawasikia. Mimi siwasikii. Kezia.)

Mama yako amekwisha kuuliza asali itavunwa lini. Nimemwambia anajua mwenyewe.

Kwa hiyo nakuachia kazi moja, na haina dodoso. Mwakani, asali ikishatolewa, chukua daftari upite nyumba zilezile arobaini, uanzie kwa Mzee Ndayikeza. Muda wa kukaa ndani utakuwa umekwisha. Waulize swali lilelile. Mtu akinyamaza, subiri. Akinyamaza sana, kunywa maji yake, tazama shamba lake, subiri. Uandike wanachosema, hata kama wote watasema jambo moja.

Usiwasaidie.

Mjomba wako,
Venanti